Pampu Iliyoombwa Kama Ng'ombe

Nyamigogo, 3 Oktoba 1978

Daftari hili wilaya ililileta liandikwe uzito wa watoto. Mizani ilikatika springi mwezi wa sita, na daftari limekaa kabatini kama mgeni asiyekaribishwa. Karatasi ni adimu. Nimeamua kuandika mambo mengine humu mpaka mizani itengenezwe. Kwa jinsi ninavyoijua wilaya, nitalimaliza.

Mvua imeanza. Leo ilikuwa kliniki ya wajawazito, wamekuja kumi na mmoja. Wa mwisho alikuwa Deodata, mke wa Telesfori dereva. Kadi yake ina maneno ya daktari kwa wino mwekundu: nyonga nyembamba, asijifungulie kijijini, apasuliwe. Mwaka jana alikaa na uchungu siku mbili kabla wanaume hawajambeba kwa machela kwenda Biharamulo, na mtoto akafia njiani. Kwa hesabu yangu atajifungua wiki ya Krismasi. Nimemwambia awe hospitali wiki mbili kabla.

"Sista, kwa lori nitakwenda," akasema. "Kwa machela siendi tena. Bora nifie kwangu."

Alisema kwa upole, kama mtu anayekataa chai. Basi la kila wiki halijaonekana tangu Agosti. Kwa hiyo tumaini ni lori la kijiji.

4 Oktoba

Nimekwenda kuliona. Lilikuwa la jeshi la Waingereza, la vita ile ya Hitla. Lilinadiwa, likabeba pamba ya watu miaka mingi, kisha likafika hapa mwaka wa sabini na nne tulipohamishiwa kijijini. Ni mali ya wote, ndiyo maana halioshwi na mtu. Tangu mwaka jana, likienda mwendo wa kutoka hapa hadi shambani kwa kijiji linachemsha na kutoa moshi.

Nimemwuliza Telesfori ugonjwa ni nini. Ni mtu mrefu, mkimya, ana kigugumizi. "Pa-pampu ya maji," akasema, akanionyesha kidude cha chuma mbele ya injini chenye kazi ya kuzungusha maji ya rejeta. Kimelika, kinavuja. Hapo akawa amemaliza hotuba.

6 Oktoba

Emilian, katibu wa kijiji, anakwenda Mwanza kwa mambo ya pamba. Ataulizia pampu huko. Mtu yeyote mwenye akili angempa pampu mbovu akalinganishe. Lakini baba yake, Ansbert, ndiye mwenyekiti wetu, na Ansbert amesema mali ya kijiji haitoki kijijini bila kikao. Kikao kiliitwa. Wakaja wanne, akidi ni kumi na watano. Kikao kikaahirishwa.

Telesfori akafungua pampu, akaipaka grisi usoni, akaigandamiza juu ya ganda bichi la mgomba. Ikatoka picha nzuri kabisa, matundu yote ya bolti, kama muhuri wa serikali. Emilian amelikunja ganda hilo ndani ya shati lake na kuondoka. Pampu imerudishwa mahali pake na kikao hakikuhitajika tena. Ansbert ameridhika.

Huyu mwenyekiti ni mtu wa kuchosha. Nimeandika hivyo nikiwa nimetulia.

9 Oktoba

Mvua.

13 Oktoba

Mvua. Surua, watoto wanne.

24 Oktoba

Emilian amerudi na pampu mpya, imefungwa kwa karatasi ya nta. Watu wamekuja kuitazama kama bibi harusi. Telesfori akaiweka kwenye injini. Haikuingia. Matundu ya juu na chini yamekaa sawa, ya pembeni yamekaribiana mno, yamepungua upana wa kidole.

Emilian akaapa. Alisema dukani zilikuwapo za aina mbili, na yeye alichukua ile iliyolingana na ganda, tena walipima mara tatu. Akalitoa lile ganda. Telesfori akaliweka juu ya pampu ya zamani, akalitazama kwa muda mrefu. Lilikuwa limekauka. Urefu wake ule ule, upana wake umesinyaa. Kila mtu hapa amefungia ndizi, chumvi na maharage kwa maganda ya mgomba tangu utotoni, kila mtu anajua yakikauka yanajikunja, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka. Nami sikukumbuka.

Ansbert akasema huenda ni injini iliyotanuka kwa joto. Telesfori akaanza kuirudisha pampu ya zamani.

Emilian ameahidi kurudi Mwanza mwezi ujao kuibadilisha. Pampu nyembamba imewekwa kwenye kabati langu, karibu na kwinini.

2 Novemba, Siku ya Marehemu Wote

Redio imesema ni vita. Majeshi ya Uganda yameingia ng'ambo ya mto Kagera. Nimesikiliza pamoja na watu arobaini mbele ya ofisi ya kijiji, kisha nikaenda kumfunga kidonda mtu aliyejikata kwa panga. Mambo yote mawili yalikuwa ya kweli kwa wakati mmoja.

Safari za Mwanza zimekwisha.

5 Novemba

Mchuuzi wa mikeka amesema amewahi kuona lori kama letu Murukulazo, wilaya ya Ngara, uani kwa mzee mmoja aitwaye Matiasi, mtu wa Burundi. Linalaliwa na kuku. Telesfori alimwuliza juu ya umbo la pua ya lori hilo, taa, magurudumu, maneno mengi kuliko niliyomsikia kwa miaka minne.

Nina dawa za kufuata Ngara. Tutakwenda pamoja kwa baiskeli. Clotilda, mhudumu wangu, atabaki na zahanati. Ansbert ameandika barua yenye mihuri miwili.

9 Novemba, Murukulazo

Siku mbili na nusu za tope. Sitaziandika.

Lori ni lile lile. Nimeliona kabla sijamwona mwenyewe: limezama hadi ekseli, maboga yametambaa juu ya boneti, kuku wanatoka dirishani. Telesfori akapiga magoti kwenye tope, akachungulia chini ya feni, akainuka akitabasamu. Pampu ipo.

Mzee akatoka nyumbani. Ni mwembamba, amevaa koti la suti bila shati.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mmefikaje?"

"Salama," nikasema, na hapo hapo, tungali tumesimama mlangoni, nikampa barua.

Akaisoma yote, mihuri pia. Akaikunja vizuri akanirudishia. "Mwanangu, rori hili ni bovu. Halina pampu."

Pampu ilikuwa hatua sita kutoka tuliposimama. Nikasema inaonekana. Akasema mvua ya mwaka huu ni nzuri kwa mtama, akaingia ndani. Nilikasirika hadi masikio yakawaka moto.

10 Novemba, Murukulazo

Mkewe, Mama Speciose, ametupa mahali pa kulala na chakula, kana kwamba mumewe hakutukatalia kitu. Asubuhi nimemsaidia kupukuchua maharage. Amenicheka.

"Sista, wewe umesoma. Lakini jana umeomba kama askari wa kodi."

"Nilikuja na barua ya kijiji, mama."

"Barua ndiyo imeharibu. Kitu kikubwa hakiombwi kwa karatasi. Kinaombwa kama ng'ombe."

Akanifundisha, nami naandika nisisahau. Anayeomba ng'ombe huja na mtungi wa pombe ya ndizi. Hataji shida yake mlangoni. Anakaa, anasalimia, anauliza habari za mvua na za watoto. Mwenye ng'ombe anaonja, na anajua kabisa umefuata nini, lakini anasubiri. Akishakunywa ndipo anauliza, "Huu mtungi una maneno?" Hapo mwenye shida husimama na kusema mwenyewe: yeye ni nani, ametoka kwa nani, ana shida gani. Akipewa, amepewa. Ila ng'ombe akizaa, ndama wa kwanza hurudi kwa aliyemtoa.

"Hii ni pampu ya gari," nikasema.

"Kwake si pampu."

"Na huyu Telesfori ana kigugumizi. Niseme mimi."

"Mke mgonjwa ni wako?"

Tumeagiza mtungi kwa jirani. Utakuwa tayari keshokutwa. Nimehesabu siku zilizobaki hadi Krismasi.

12 Novemba, Murukulazo

Nataka kuandika hili jinsi lilivyokuwa.

Tuliingia baada ya jua kupanda. Telesfori alibeba mtungi. Tulikaa. Tulizungumza juu ya mvua, mtama, na ndui ya kuku. Nilijibana mikono nisiseme. Mzee Matiasi akavuta pombe kwa mrija, akampa jirani yake, mrija ukazunguka. Hatimaye akauliza mtungi una maneno gani.

Telesfori akasimama. Mama yake ni Mhangaza, kwa hiyo alisema kwa lugha ambayo mzee anaielewa kama ya kwao, na mimi Msubi naikamata kwa sehemu kubwa. Alianza na jina la babu yake. Alikwama, akaanza tena, na hakuna mtu aliyemsaidia neno wala kutazama pembeni. Akasema mwaka jana alibeba mguu wa mbele wa machela, upande wa kulia. Wenzake walikuwa wakipokezana, yeye hakukubali kupokelewa. Akasema alimsikia mkewe akinyamaza, akafurahi, akidhani maumivu yamepungua. Akatembea kilima kizima akiwa amefurahi. Akasema kila anapopita pale anakumbuka ile furaha, na ndiyo inayomchoma kuliko kifo chenyewe. Akasema, "Mimi ni dereva. Nina gari. Nilibeba mke wangu begani."

Nimemtibu mtu huyu malaria mara sita. Nimempima mkewe kila mwezi. Nilidhani ni bubu wa moyo. Nililia mbele za watu, nami si mtu wa kulia.

Mzee aliuweka mrija chini. Kisha akasema, "Nimekupa." Telesfori akapiga makofi matatu, kama desturi.

Mzee mwenyewe ndiye aliyeifungua. Aliwatoa kuku, akaomba spana, mikono yake ikajua njia bila macho. Mwaka wa sabini na mbili alikuwa dereva wa mfanyabiashara wa kahawa huko Burundi. Mauaji yalipoanza alipakia watu, akaendesha hadi mafuta yalipokwisha, na yaliishia hapa. Tangu siku ile hakuendesha tena. Alinieleza hayo akiwa ameinama ndani ya injini, kama anayenieleza bolti ipi ni ngumu.

"Ng'ombe akizaa, unajua," akamwambia Telesfori.

"Na-najua."

Njiani nikamwuliza ndama wa lori ni nini. Akasema hajui, mwenye ng'ombe ndiye anajua.

16 Novemba

Tumerudi. Matundu yote yameingia, bolti kwa bolti. Ilikosekana gasketi, ile karatasi ya kuziba maji kati ya pampu na injini. Telesfori alizunguka kijiji kutafuta karatasi ngumu, hakupata. Nimempa jalada la daftari hili. Amelikata kwa wembe wangu wa zahanati na kulipaka grisi. Sasa naandika kwenye daftari lililo uchi.

Emilian hayupo. Amekwenda vitani na mgambo siku tatu zilizopita, kwa miguu hadi barabara kuu.

18 Novemba

Lori limekwenda hadi Nemba na kurudi bila kuchemsha. Watoto walikimbia nyuma yake. Deodata alisimama mlangoni kwake, mkono tumboni, akasikiliza hadi mlio ukapotea. Safari yake tumeipanga Jumapili, tarehe 10 Desemba.

21 Novemba

Habari kutoka wilayani: magari yote mazima yanakusanywa kubeba askari na chakula. Ofisa atapita kijiji kwa kijiji kuandika yaliyo mazima. Ansbert amehutubia nusu saa kwamba kila kitu ni kwa ajili ya vita. Mwanawe yuko huko, nani atamlaumu.

Nimewaza kuificha pampu. Nimewaza pia askari wanaotembea kwenye tope hili, Emilian akiwa mmoja wao. 

23 Novemba

Ofisa amekuja. Nusu saa kabla, Ansbert alikuja zahanati mwenyewe, na kofia yake, na chuma kimefungwa kwa kitambaa. Ilikuwa pampu. Telesfori alisimama nyuma yake, mikono imejaa grisi.

"Sista, hiki kidude ni cha yule mzee wa Murukulazo. Hakijapokelewa na kikao. Kwa hiyo si mali ya kijiji, na siwezi kukitoa. Kaa nacho."

"Ndugu Mwenyekiti, akidi itapatikana lini?"

"Labda katikati ya Desemba. Watu wako shambani."

Akaenda kumpokea ofisa. Nilisikiliza dirishani. Alimwonyesha lori lenye tundu mbele ya injini, akasema bila kupepesa macho, "Hili ni bovu, halina pampu." Ofisa akaandika, akauliza kama kuna watu wa kijiji waliojitolea kwenda vitani. Ansbert akasema, "Wapo tisa, wa kwanza ni mwanangu." Sauti ilimkatika kidogo kwenye neno hilo, kisha akamwagiza mtu alete maji ya kunywa.

Mwezi uliopita nilimwandika mtu wa kuchosha. Silifuti neno hilo, maana bado anachosha. Lakini nimemheshimu leo kuliko watu wengi.

30 Novemba

Mvua.

4 Desemba

Mvua. Deodata miguu imevimba kidogo. Presha ni nzuri.

10 Desemba, Biharamulo

Jana usiku Telesfori aliirudisha pampu, na leo tumefika. Deodata alikaa mbele, katikati ya Telesfori na mimi. Kwenye kile kilima cha mwaka jana Telesfori hakupunguza mwendo. Deodata alifumba macho, akayafumbua chini upande wa pili. Sindano ya kipimo cha joto la injini haikupanda.

Tulijua tunaingia mjini na gari zima wakati wa vita.  Deodata alipokuwa anapokewa wodini, askari wawili walikuwa tayari wamesimama kwenye boneti. Lori limechukuliwa, na dereva wake pia, kwa kuwa hakuna mwingine anayelielewa. Walimpa dakika kumi. Alizitumia kumweleza mkewe kitu dirishani kwa wodi, naye ilimchukua karibu zote kumi kukimaliza. Kisha akaja kwangu.

"Sista, u-ukimwona mzee, mwambie ng'ombe amekwenda vitani."

Nimeomba ruhusa nibaki na Deodata. Hawakunikatalia, wana upungufu wa wauguzi.

21 Desemba, Biharamulo

Mtoto wa kiume, kwa kisu, saa nne asubuhi. Alilia kabla hajatoka mzima. Mama anaendelea vizuri. Nimetembea hadi kisimani na kurudi bila kuteka maji, kisha nikakumbuka nilichofuata, nikarudi.

7 Januari 1979

Nyumbani. Mvua imepumzika, tope limeanza kuwa vumbi. Deodata amerudi kwa machela, maana hakuna kingine. Aliitazama muda mrefu pale uwanja wa hospitali. Kisha akapanda mwenyewe, akaomba apewe mtoto mikononi. Pale kilimani akawaambia wabebaji waimbe.

Hakuna barua kutoka kwa Telesfori. Kutoka kwa Emilian ipo moja, ni mzima.

19 Januari

Mzee Matiasi amefika kwa baiskeli, koti lile lile. Siku tatu njiani, kwa umri wake. Nilimkaribisha, nikamkalisha, nikatuma pombe itafutwe, nikauliza habari za mtama. Nimejifunza. Alipokunywa ndipo nikasimama nikasema mwenyewe: ng'ombe yuko vitani pamoja na mchungaji wake, hatuna habari zao, na ndama hatujui tumlipe vipi.

Alitikisa kichwa. "Ndama wangu nilikuwa nimeshamchagua," akasema. "Nilitaka nikae mbele, nipelekwe hadi kilima kile cha mpakani. Kutoka pale kunaonekana kwetu. Nisikie injini ikipanda, basi. Nirudishwe nyumbani."

 Lori lilikuwa hapa wiki tatu, na sisi tuliificha pampu kabatini. Hakuna aliyemfikiria mzee. Iliniuma, na bado inaniuma ninapoandika.

Deodata alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Akaingia, akapiga goti, akamwekea mtoto mapajani.

"Baba, shikamoo. Huyu ndiye aliyekaa mbele."

Mzee akamtazama. Akacheka kidogo, kisha hakucheka. "Ndama hachukuliwi akiwa ananyonya," akasema. "Mnyonyeshe. Baba yake akirudi na ng'ombe, tutakaa mbele wote watatu."

"Na asiporudi?" Deodata akauliza. Mimi nisingeweza kuuliza hivyo.

"Asiporudi, huyu akikua atakuja kunichukua kwa baiskeli. Kile kilima hakihami."

Akamshika mtoto kwa viganja viwili, akamwinua na kumshusha taratibu, kama watu wanavyopima mzigo wa ndizi sokoni. Akaniuliza ana kilo ngapi. Nikasema mizani imekatika springi, wilaya haijaleta nyingine.

"Wewe andika," akasema. "Anatosha."

Baada ya kumsindikiza nimefungua ukurasa wa mwisho wa daftari, wenye mistari ya wilaya, nao nimeuandika kama ulivyokusudiwa.

Jina la mtoto: hajapewa, anamsubiri baba. Umri: wiki nne. Uzito: anatosha.